Datsun 1200 ya mwaka 1972: kuipunguza uzito na kuirudishia springi zake, hapa Mwanza

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo asubuhi Datsun imeingia uani kwangu Nyakato ikivutwa kwa kamba kutoka Misungwi. Ni Datsun 1200 ya mwaka 1972, milango minne, ile ambayo Wajapani wenyewe waliiita Sunny B110 na wakaiuza kuanzia 1970. Injini ni A12 ya cc 1171, na inawaka. Mzee aliyeniuzia aliitumia miaka mingi kuchukua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwapeleka minadani, magunia yamepangwa mpaka kwenye siti ya nyuma na mengine juu ya keria. Tulipomaliza kuandikishana aliizunguka mara mbili bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Mwalimu, usije ukawapa watu wa vyuma chakavu." Nimemwahidi.

Ukiitazama kwa ubavuni, nyuma imenyanyuka. Nimelala chini yake na tochi nikaona sababu. Springi za nyuma za gari hili ni za majani, na katikati ya majani ya asili yameingizwa mawili mageni kila upande: ni manene kuliko wenzake, na ncha zake zimekatwa kwa gesi. Mzee aliongeza ili gari libebe. Magunia yalishashuka zamani, lakini springi bado zinayasubiri.

Kila aliyepita leo kuja kuiona amenishauri niikaze. Fundi wangu mwenyewe, ambaye namwamini, amesema, "Datsun ni gari la Safari Rally, Mwalimu. Ikaze mbele na nyuma, ipande juu." Ni kweli jina hilo lilijengwa kwenye vumbi la Afrika Mashariki: 1600 SSS ilishinda Safari mwaka 1970, 240Z ikashinda 1971 na tena 1973. Lakini magari yale yalipita kwenye mashimo kwa mwendo ambao mimi sitaufikia, yakiwa na shokapu za kazi hiyo. Mimi natoka Nyakato kwenda kufundisha Buhongwa, napita mjini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, na matuta yote ya njiani. Nataka gari dogo jepesi ambalo tairi zake nne hazibanduki barabarani. Kwa hiyo kazi ni mbili, na zinakwenda pamoja: kuondoa uzito usio wa lazima, halafu kurudisha springi zilingane na uzito uliobaki.

Jumamosi, 15 Machi

Huwezi kupunguza usichokipima. Mizani ya malori haifai, inaruka kwa kilo nyingi mno. Jirani yangu ana ghala la mpunga, na mizani yake ya jukwaa inapima hadi kilo 500. Kila tairi la gari hili haliwezi kufika hata nusu ya hapo, kwa hiyo nikamwomba. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu, na kabla sijamaliza kueleza alishawaambia vijana wake waitoe nje.

Utaratibu ni huu. Jukwaa la mizani lina kimo chake. Ukipandisha tairi moja tu, gari linainama na mgawanyo wa uzito unabadilika, unapata namba za uongo. Kwa hiyo nilikata mbao za mninga kwa kimo kile kile, nikaziweka chini ya tairi tatu, la nne likawa juu ya mizani. Gari limesimama sawa. Kisha unalitikisa kidogo ili springi zitulie, unasoma, unahamisha. Mpwa wangu aliandika:

mbele kushoto 203, mbele kulia 199, nyuma kushoto 178, nyuma kulia 181. Jumla kilo 761.

Hapo tangi lilikuwa karibu tupu na hakuna mtu ndani. Nilirudia mara mbili, tofauti ikawa kilo moja au mbili, nikaridhika.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimepima ugumu wa springi za nyuma. Kwa wenye gari kuukuu hii ndiyo kazi ninayowasihi waifanye kabla ya kununua chochote, maana haihitaji vifaa.

Nilichukua madumu manne ya lita 20, nikayajaza maji. Kila moja lilisoma kilo 21 kwenye mizani, jumla 84. Siti ya nyuma nilishaitoa, nikayapanga juu kabisa ya ekseli. Usiyaweke kwenye buti, maana buti liko nyuma ya ekseli na mzigo wa huko unafanya kama mtu aliyekaa ncha ya ubao wa bembea: nyuma inabeba zaidi ya uzito wenyewe na mbele inapunguziwa. Kabla na baada ya kupanga nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Majani ya springi yanasuguana na kunata, kwa hiyo kila mara unalisukuma gari chini mara tatu nne liachie, ndipo unapima.

Kilo 84 ziliishusha milimita 12 tu. Kila upande ulibeba 42, kwa hiyo springi moja inahitaji kilo 35 ili ishuke sentimita moja. Sasa tuone maana yake. Uzito wa nyuma kwa kila upande ni kama 180. Toa ambao springi haiubebi, yaani nusu ya ekseli na difu, dramu, rimu na tairi, nakadiria 44. Unabaki 136. Gawa kwa 35, springi imelala chini ya mzigo wake kwa sentimita 3.9.

Kuna kanuni fupi ninayowapa wanafunzi wangu wa fizikia: chukua 5, gawa kwa kipeuo cha pili cha hizo sentimita, utapata gari linadunda mara ngapi kwa sekunde. Hapa ni 5 kwa 1.97, sawa na mara 2.5. Huo ni mdundo wa lori tupu. Ndiyo maana mzee alizoea kusema gari linapiga mateke likiwa halina mzigo.

Mbele nitapima nikishazitoa springi.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idd, majirani wamenipa pilau, na mpwa wangu hana shule. Tumeshinda tunavua.

Vya nje vilikuwa rahisi. Keria ya juu, ya bomba na nondo, kilo 17. Chuma cha bomba kilichochomelewa mbele ya bampa, 14. Ndani ya buti kulikuwa na boksi la spika na sakafu ya plywood iliyolowa mafuta ya dagaa, 11. Hivyo vitatu tu ni kilo 42, na keria ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu uzito ulio juu ya paa ndio unaolilaza gari kwenye kona. Kilo moja ya paani hailingani na kilo moja ya sakafuni.

Sakafu ndiyo iliyotutoa jasho. Kiwandani walibandika mikeka ya lami kuzuia kelele, na juu yake watu wakaongeza sponji na zulia. Zulia na sponji vilikuwa vimeshiba maji. Hapo ndipo kutu inapoanzia kwenye magari ya huku ziwani. Lami yenyewe ukiipasha moto inakuwa ulimbo, inashika kila kitu. Dawa yake ni baridi. Tulinunua barafu ya wachuuzi wa samaki, tukaiponda, tukachanganya na chumvi ili ubaridi ushuke chini kabisa ya sifuri, tukaijaza kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili. Mifuko ni muhimu, maji ya chumvi yasiguse bati hata tone. Unaulaza mfuko juu ya lami kwa dakika kumi na tano, unautoa, unagonga kwa nyundo ya mpira. Lami inapasuka kama kigae. Mpwa wangu aliipenda kazi hii hata akakataa kuniachia nyundo. Mikeka, sponji na zulia: kilo 13.

Mfumo wa hita nimeutoa pia. Hakuna asubuhi ya Mwanza inayohitaji hita ndani ya gari. Nimetoa kile kirejeta chake kidogo, mipira na maji yake, kilo 4, nikaziba njia kwenye injini. Feni yake nimeiacha, kwa sababu masika haya kioo cha mbele kinaingia ukungu na feni inasaidia hata bila joto.

Vitu ambavyo sitavigusa nimeviandika ukutani: mikanda ya siti, tairi la akiba, jeki, pembetatu za hatari, mtungi wa kuzimia moto, vioo vya asili. Kuna vijana wamenishauri kutoboa matundu kwenye milango na kwenye mbavu za boneti. Sitatoboa. Bati la gari hili ni jembamba kwa asili, na kila tundu lina ukingo mpya wa kutu, kilomita mbili tatu kutoka kwenye maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Sumaku iliyofungwa kitambaa imetembea bodi nzima. Panapokataa kunata, chini ya rangi kuna fila, lile rojo la kuzibia bati linaloganda. Chini ya milango miwili ya nyuma na kwenye ubavu wa kulia tumekwangua kilo 6 za fila, sehemu nyingine imejaa unene wa kidole gumba. Fundi bodi amekata bati lililooza, akachomelea jipya pamoja na kiraka cha sakafu upande wa dereva. Bati jipya limeongeza kilo 5. Kwa mizani nimepata kilo moja tu, ila sasa kuna chuma mahali pa chokaa, na springi zina mahali pagumu pa kusukumia. Bodi inayonesanesa ni springi nyingine usiyoijua ugumu wake.

Betri kubwa imetoka, imeingia ndogo inayotosha A12 kwa raha. Kilo 4.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya springi za nyuma, na imeisha vibaya.

Kutoa kulikwenda vizuri. Yubolti, zile zinazoishika springi kwenye ekseli, zilikuwa zimeota kutu, tukazikata. Senta bolti inayoyashika majani pamoja ikafunguliwa kwa uangalifu, majani yamefungwa kwa klampu mbili ili yasiruke usoni. Yale mageni manne yalisoma kilo 9. Nusu ya uzito wa springi ya majani huhesabiwa haubebwi na springi yenyewe, kwa hiyo hizi ni kilo za thamani, tairi litafuata barabara kwa wepesi zaidi.

Tatizo ni kwamba majani ya asili yamechoka, upinde wake umelala. Nikayapeleka kwa fundi mmoja wa springi ambaye ana tanuri la mkaa. Nilidhani atayapiga baridi. Niliporudi baada ya chai alikuwa ameyachoma mpaka yakawa mekundu, ameyakunja kwa kipimo nilichompa, ameyaacha yapoe kwenye hewa. Yalipendeza kwa macho. Lakini chuma cha springi kimepewa unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la wastani. Ukikipeleka kwenye wekundu na kukiacha kipoe taratibu, umekifutia hayo yote. Kimebaki chuma cha kawaida kilichopinda.

Nilimlipa, nikayafunga hivyo hivyo ili nione.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeona. Kwa wiki mbili gari limekaa uani bila mzigo, nyuma imeshuka milimita 31 upande mmoja na 26 mwingine. Upinde umejilalia wenyewe.

Nimepata majani mengine yaliyotumika ya gari la aina hii hii, kwa mzee wa vipuri vya mtumba Igogo. Safari hii nimekwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima sana, anayefanya kazi kwenye fuawe la kipande cha reli. Hakuwasha moto. Aliweka jani juu ya fuawe upande wa nje ukitazama juu, akaligonga kwa nyundo ya mdomo mwembamba, mapigo ya karibu karibu kuanzia katikati kwenda ncha, na baada ya kila duru alilipima kwa kulilinganisha na mstari wa chaki aliouchora sakafuni. Kila pigo linalitandaza bati la uso mmoja kidogo sana, na jani zima linajikunja lenyewe kuelekea upande wa pili. Kwa jani moja alitumia karibu nusu saa. Nilikaa naye tangu saa tatu mpaka alasiri na sikuchoka kumtazama. Nilipomuuliza kuhusu moto alisema, "Moto ni wa jembe. Springi ukiipa moto imekufa."

Katikati ya majani tumeweka vipande vyembamba vya plastiki ngumu kwenye ncha tu, ili yateleze. Bushi mpya za mpira kwenye masikio. Zile za plastiki ngumu wanazouza vijana wa spoti sikuzitaka hapa, springi ya majani inajisokota kidogo ekseli inapoinama, na bushi ikikataa kusokotwa jani mama, lile lenye masikio hayo, ndilo linaloumia.

Madumu manne tena, kilo 84: safari hii imeshuka milimita 24. Kilo 17.5 kwa sentimita, nusu kamili ya ugumu wa mwanzo.

Jumamosi, 17 Mei

Mbele. Kila upande kuna shokapu ndefu iliyobeba springi ya koili na kitovu cha gurudumu kwa pamoja, mkono mmoja chini, na fimbo inayouzuia mkono huo usiende mbele wala nyuma. Muundo mwepesi, ni moja ya sababu gari hili lina uzito wa chini tangu kiwandani.

Springi nimezipima kwenye mizani ya mpunga. Nilipitisha nondo ya nyuzi katikati yake na sahani nene juu na chini ili isiweze kuchomoka, nikaibana kwa jeki chini ya boriti, nikasoma mizani kila sentimita. Kushoto kilo 16.5 kwa sentimita, kulia 16. Hazijafa. Ya kulia ni fupi kwa milimita 7, nimeiwekea kikombe cha unene huo kilichokerezwa. Sikuzikata. Watu wengi wanakata mzunguko mmoja ili gari lishuke, na hawajui kwamba springi fupi ni springi ngumu zaidi, yenye safari ndogo zaidi. Kwa barabara zetu hiyo ni kupoteza mara mbili.

Ndani ya shokapu kulikuwa na mafuta meusi membamba, na pistoni imekula ukuta. Uzuri wa muundo huu ni kwamba bomba lina kofia ya nyuzi: unaifungua, unatoa kila kitu, unatumbukiza katriji mpya iliyokamilika. Katriji niliyoipata ni ya gari dogo jingine, kipenyo kinaingia lakini ni fupi kwa milimita 38. Fundi wa kukereza vyuma amenitengenezea vikalio viwili vya urefu huo vinavyokaa chini ya katriji, na kofia mbili mpya zenye nyuzi sahihi. Kabla ya kufunga nilimimina mafuta kidogo kuizunguka katriji, maana hewa haipitishi joto vizuri na shokapu ikipata moto inalegea. Usijaze mpaka juu, mafuta yatatanuka na kutafuta pa kutokea.

Bushi za ile fimbo ni mpira pia, kwa sababu ile ile ya jani mama: ikibanwa isiweze kuyumba, kila shimo linaikunja kwenye shingo ya nyuzi, siku moja inakatika.

Hesabu ya mbele, baada ya vitu vilivyokwisha kutoka: kila upande karibu 180, toa 27 za chini ya springi, unabaki 153. Gawa kwa 16.2, sentimita 9.4. Tano kwa 3.07, mdundo ni mara 1.6 kwa sekunde.

Jumamosi, 31 Mei

Tairi. Rimu za asili ni za inchi 12, na saizi hiyo hapa mjini ni ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Bolti za baadhi ya Kirikuu ni nne na duara lake ni lile lile la milimita 114.3, hivyo watu wanabadilishana. Nilijaribu rimu moja: inaingia, lakini sahani yake imekaa tofauti, tairi linazama ndani na kukaribia shokapu. Nimebaki na rimu zangu, zimenyooshwa na kupakwa rangi.

Gari lilikuja na tairi za mzigo za Kirikuu. Ukuta wake umetengenezwa kubeba gunia; kwa gari la kilo mia saba unabaki mgumu kama gogo, na ukipunguza upepo ili ulainike tairi linachemka. Nimetafuta wiki tatu nikapata za gari dogo, nne. Kila moja ni nyepesi kwa kilo moja na nusu. Jumla 6, na zote ziko chini ya springi. Ukiniambia nichague kati ya kilo hizi 6 na zile 11 za boksi la spika, nitachagua hizi.

Boneti: fundi wa boti za fibaglasi pale ufukweni Kirumba amenitengenezea kwa kuchukua chapa ya boneti la zamani. Kwa mazoea yake amelaza mikeka kama ya boti inayopigwa na mawimbi, na limetoka zito kuliko nilivyotarajia. Nimeokoa kilo 3. Kazi ni safi, kingo zimenyooka, nimeongeza pini mbili za kulishikilia ili upepo usilinyanyue. Kama ningeanza upya ningempa kwanza uzito ninaoutaka ndipo ahesabu mikeka.

Jumamosi, 14 Juni

Mizani ya mpunga imerudi uani.

Mbele kushoto 182, mbele kulia 178, nyuma kushoto 158, nyuma kulia 161. Jumla 679.

Zimetoka kilo 82, na mbele bado inabeba asilimia 53 kama mwanzo. Nyuma sasa kila upande ni kama 160; zile za chini ya springi zimeshuka hadi 40 hivi, springi inabeba 120. Gawa kwa 17.5 ni sentimita 6.9, mdundo ni mara 1.9 kwa sekunde.

Mbele 1.6, nyuma 1.9. Nilitaka hivyo hasa. Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce kwenda kufanya kazi General Motors miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha kwamba nyuma inapaswa kudunda haraka kidogo kuliko mbele. Tairi za mbele zinagonga tuta kwanza. Gari hili lina mita 2.3 kati ya ekseli, kwa kilomita 50 kwa saa nyuma inafika kwenye tuta lile lile karibu sehemu moja ya sita ya sekunde baadaye. Nyuma ikiwa na haraka kidogo inamfikia mwenzake, na gari linashuka na kupanda likiwa limelala sawa. Nyuma ikiwa polepole kuliko mbele, pua na mkia vinapishana. Na ikizidi haraka mno, kama ilivyokuwa 2.5 kwa 1.6, nyuma inamaliza kudunda mbele haijatulia, ndilo lile teke.

Gari jepesi limepanda juu kidogo kwenye springi, na kimo kikibadilika mwelekeo wa tairi za mbele nao unabadilika. Nimelinganisha kwa kamba: kamba mbili zimevutwa sambamba na gari kila upande juu ya stendi, napima ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu. Mbele zimefungwa kuelekeana kwa milimita 2. Fundi wangu amelisukuma gari chini kwa kona zote nne, akalitazama linavyorudi mara moja na kusimama. Akasema, "Sasa limetulia, Mwalimu." Hakusema tena habari ya kukaza.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna shule. Tumekwenda Sengerema, mimi, mpwa wangu, na yule mzee, ambaye tulimpitia Misungwi.

Kwenye shokapu za mbele nilifunga tai ya plastiki kuzunguka shina la katriji, ili isukumwe na kubaki pale safari ya springi ilipoishia. Nyuma, juu ya zile raba zinazozuia ekseli isigonge bodi, nilibandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi. Udongo hausahau.

Kutoka Usagara hadi Kigongo lami ni nzuri. Daraja la John Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni, halijatimiza hata wiki tatu. Ni kama kilomita tatu juu ya maji, na mzee alikuwa hajawahi kulipita. Siku zote yeye alisubiri kivuko, akiwa na dagaa jua kali. Kwenye viungo vya daraja nilisikia tairi za mbele, kisha za nyuma, ta-ta, ta-ta, mwili wa gari haukusogea. Mzee alishika mshikio wa mlango mwanzoni, halafu akaachia.

Baada ya Busisi tuliiacha lami, tukachukua njia ya changarawe ya vijijini kwa makusudi. Kwenye mawimbi ya changarawe, yale madogo yanayofuatana, nilipitia kilomita 40 kwa saa, kisha 55. Kwa 40 usukani ulitetemeka, kwa 55 gari likaelea juu yake na bado likanifuata kwenye kona. Zamani mkia ungekuwa umeshatoka nje. Kwenye shimo moja lenye maji, sikuliona, nyuma kushoto iligonga mara moja kwa sauti nzito.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekagua. Tai za mbele: kushoto imebakiwa na milimita 19 za safari, kulia 22. Sawa kabisa. Nyuma, udongo wa kulia umeguswa ukabaki na unene wa milimita 8. Wa kushoto umebanwa ukawa karatasi, ndilo lile shimo. Tulikuwa watu watatu na mzee alikaa nyuma kushoto. Nimezibadilisha raba za pande zote mbili kwa zile ndefu zenye koni, zinazoanza kusukuma mapema na taratibu, badala ya kuongeza jani.

Ule mtetemo wa usukani kwa 40 si wa springi. Nimeshika mkono wa kati wa usukani upande wa abiria, ule unaoongoza fimbo upande usio na boksi la usukani, na bushi yake inacheza juu na chini kwa milimita 4. Fundi wa kukereza ameshachukua kipimo, atanipa ya shaba Jumatano.